Barua ya wazi kwa wakuu wa majeshi ya anga: aliyekufa kwenye mafunzo naye amekufa vitani

Waheshimiwa wakuu wa majeshi ya anga, mawaziri wa ulinzi, makamanda wa viwanja vya mafunzo na nyie wote ambao ripoti ya ajali inafika mezani kwenu ikiwa imeshachapwa vizuri na kubanwa kwenye faili, shikamooni. Mimi ni fundi wa ndege, mstaafu sasa, maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye hanga nikiwa na spana mkononi na grisi kwenye kucha, kwahiyo mtanisamehe kama sijui kuandika kwa lugha ya ofisini. Naandika kwa sababu ya jambo moja ambalo haliniachi nilale. Kila vita inapopiganwa kuna vijana wanakufa kabla hata hawajamuona adui, wanakufia kwenye uwanja wa nyumbani, asubuhi wametoka kunywa chai na wenzao, saa mbili baadae ndege imelala pembeni ya ranwei inaungua, alafu kinachotangazwa ni mstari mmoja tu, "ajali ya mafunzo, uchunguzi unaendelea", na wiki inayofuata uchunguzi unasema kosa la rubani, basi, faili limefungwa.

Naomba nianze na usiku mmoja maana nikiongea kwa ujumla mtanielewa kwa ujumla na mtasahau kwa ujumla.

Ni tarehe 23 Agosti 1943, Camp Davis, jimbo la North Carolina, Marekani. Pale palikuwa na kambi kubwa ya kuwafundisha askari kupiga mizinga ya kutungulia ndege, na ili wajifunze walihitaji kitu cha kulenga angani, kwahiyo ndege zilikuwa zinaruka zinavuta shabaha ya kitambaa nyuma kwa waya mrefu na hao vijana wa chini wanaipiga kwa risasi za kweli. Kazi hiyo walipewa pia wanawake marubani wa WASP, lile kundi la wanawake waliorusha ndege za jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mmoja wao aliitwa Mabel Rawlinson. Usiku ule alikuwa kwenye mafunzo ya kuruka usiku, ndege ni A-24, mkufunzi amekaa nyuma yeye amekaa mbele. Injini ikaanza kusumbua, wakageuza kurudi uwanjani, wakati wa kushuka ndege ikagonga miti karibu na ranwei, ikakatika vipande viwili na mbele kukashika moto. Mkufunzi alirushwa nje, akaumia lakini akapona. Mabel alibaki ndani hai. Wenzake walikuja kusimulia kwamba komeo la kile kifuniko cha kioo juu ya kiti cha mbele lilikuwa bovu, lilikuwa halifunguki kwa ndani, na kwamba ubovu ule ulikuwa unajulikana. Walikuwa pale uwanjani, walimsikia akipiga kelele mpaka aliponyamaza.

Wakuu, hebu simameni hapo kwenye komeo kidogo. Komeo! Sio injini ya farasi elfu moja, sio kifaa cha siri, ni kipande cha chuma ambacho fundi mmoja akiwa na spea mkononi anakibadilisha na bado chakula cha mchana anakiwahi. Ila ndege zile za Camp Davis zilikuwa zimeshachoka, spea nzuri zinapelekwa mbele kwenye mapigano (na hilo naelewa, vita ni vita), na marubani wa pale walikuwa wanalalamika mara kwa mara kwamba wakirudi wanaandika hitilafu kwenye fomu na kesho yake wanaikuta ndege vilevile na hitilafu ileile.

Kuhusu ile fomu naomba niwaeleze wale ambao hawajawahi kushika. Jeshi la anga la Marekani la wakati ule lilikuwa na utaratibu wa alama nyekundu. Ndege ikiwa mbovu kiasi cha kutoruka inawekewa msalaba mwekundu, na hapo hairuki, hata jenerali aje. Ikiwa na kasoro lakini inaweza kuruka inawekewa mstari mmoja mwekundu wa mshazari, yaani rubani anaambiwa tunajua ina tatizo, nenda nayo hivyohivyo. Sasa mtu yeyote aliyefanya kazi hangani anajua shetani anakaa wapi, anakaa kati ya ule mstari mmoja na ile mistari miwili inayokatana. Mstari wa pili ukiuchora umeitoa ndege kwenye ratiba, kamanda anakuuliza, afisa ratiba anakuuliza, wanafunzi wanakaa kivulini hawana ndege, wote wanakutazama wewe fundi kama ndo adui. Ukiacha mstari mmoja kila mtu anafurahi. Na mara nyingi, lazima niseme ukweli, ndege inaenda na inarudi salama, na ndo hapo mazoea yanapojengeka mpaka kasoro inakuwa kama mwenyeji wa ndege.

Mimi mwenyewe nimewahi. Sitataja wapi wala lini. Kiti cha nyuma cha ndege ya mafunzo kilikuwa na mkanda ambao kifungo chake kilikuwa kinagoma, ukikibonyeza mara ya kwanza hakiachii, mara ya pili labda, mara ya tatu ndo kinaachia. Nikasema hii isiruke leo. Mkubwa wangu akaniambia tena kwa upole kabisa, hakuwa mtu mbaya, "fundi, saini, ni duru moja tu ya uwanja, dakika kumi." Nikasaini. Dakika zile nilisimama nje ya hanga nimeshika kitambaa cha mafuta, sikukaa, sikuongea na mtu, nilikuwa naangalia magurudumu tu mpaka yalipogusa chini. Yule kijana akashuka anacheka, akanipungia mkono. Hajui mpaka leo. Nikaenda nikakitoa kile kifungo palepale na kwa ndani nikakuta kispringi kidogo kama cha kalamu kimevunjika. Kwahiyo nikiongea kuhusu komeo la Mabel sinyooshei kidole watu wa mbali, najua saini ya namna ile inavyoandikwa.

Sasa nije kwenye haya maneno mawili, kosa la rubani. Sisemi marubani hawakosei, wanakosea, na mwanafunzi anakosea zaidi ndo maana anaitwa mwanafunzi. Ninachosema ni kwamba nyie mkishaandika hayo maneno mnaacha kuuliza, na kuuliza ndo kunakookoa wanaofuata.

Angalieni kilichotokea na zile B-17, ndege kubwa za mabomu za Marekani, wakati wa vita ileile. Marubani walikuwa wanatua vizuri kabisa, ndege iko kwenye ranwei inakimbia na kupunguza mwendo, alafu ghafla magurudumu yanakunjwa na ndege inalala kwa tumbo. Mamia ya ajali za namna hiyo zilitokea, kwa B-17 na aina nyingine kadhaa, na kila moja imeandikwa kosa la rubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia kijana wa jeshi, Alphonse Chapanis, akapewa kazi ya kuangalia. Yeye akaenda akakaa kwenye kokpiti akatazama. Akaona swichi ya kukunja magurudumu na swichi ya mabawa madogo ya kupunguzia mwendo, zile flapu, ziko jirani na zinafanana kwa mkono na kwa macho. Rubani aliyechoka anataka kurudisha flapu, mkono unashika ya jirani. Na ndege za mizigo za C-47 ambazo swichi zake hazikupangwa hivyo hazikuwa na ugonjwa huo! Marubani ni walewale wa jeshi moja, kilichokuwa tofauti ni swichi. Dawa aliyotoa ni kitu cha kushangaza kwa udogo wake, kwenye mkono wa magurudumu akabandika kigurudumu cha mpira, kwenye wa flapu akabandika kipande chenye umbo la kabari, ili mkono ujue umeshika nini hata gizani. Mpaka leo ukiingia kwenye kokpiti ya ndege ya abiria ukatazama mkono wa magurudumu utakuta kichwa chake ni duara kama tairi. Kile kitairi kimelipiwa na watu walioandikwa kwamba wamekosea.

Alafu kuna B-26 Marauder, nayo ndege ya mabomu ya Marekani, hii naipenda kuisimulia kwa sababu inaonyesha wakubwa wakisikiliza nini kinatokea. Ndege ile ilikuja jeshini mpya, ina mwendo mkali, mabawa mafupi, inatua kwa kasi ambayo wanafunzi hawajawahi kuiona. Kwenye kambi ya MacDill kule Tampa, Florida, ajali zikawa nyingi mpaka watu wakawa na msemo kwamba kila siku moja inaingia kwenye ghuba. Vijana wakawa wanaogopa ndege yao wenyewe kuliko Wajerumani. Hadi kamati ya Seneta Harry Truman ikaja kuuliza maswali, na kulikuwa na mjadala wa kuachana na ndege yenyewe kabisa. Jimmy Doolittle, rubani maarufu wa jeshi, akatumwa kuangalia. Alichokuta ni marubani wageni wamefundishwa na wakufunzi nao wageni, mafundi ambao hawajaijua ndege, na mafuta yenye kemikali zilizokuwa zinakula ngozi laini ndani ya kabureta kwahiyo injini inakufa wakati wa kuruka, wakati mbaya kuliko wote. Na kingine ambacho mimi kama fundi kinanigusa sana, pembe za propela za ile ndege zilikuwa zinageuzwa kwa umeme, sasa mafundi chini wakawa wanafanya ukaguzi wao kwa kutumia betri ya ndege badala ya jenereta ya pembeni, wakimaliza betri imeshachoka, ndege inaruka, umeme hautoshi kushika pembe ya propela, propela inakimbia hovyo, nguvu inapotea, wanaanguka.

Betri, wakuu! Mtu alikuwa anakagua ndege ili iwe salama na ukaguzi wenyewe ndo unaiua. Hakuna rubani hata mmoja ambaye angeweza kulijua hilo akiwa hewani na sekunde nane mkononi.

Doolittle akapanda mwenyewe, akazima injini moja akageukia upande uleule wa injini iliyozimwa, kitu ambacho vijana waliambiwa ni kifo, akawaonyesha kinawezekana ukijua unachofanya. Mafunzo yakabadilishwa, kabureta zikashughulikiwa, jenereta zikaletwa, mabawa yakarefushwa karibu mita 2. Na ndege ileile iliyoitwa muuaji ilipofika Ulaya ikawa na hasara ndogo sana vitani, chini ya ndege moja kwa kila safari 100. Haya yote yalifanyika vita ikiwa imepamba moto, kwahiyo mtu asiniambie kwamba wakati wa vita hakuna muda wa kutafuta sababu.

Najua mtanijibu kwamba vita haisubiri, mbele wanahitaji marubani, mkianza kuzuia ndege kwa kila kispringi mtatoa marubani wangapi kwa mwezi. Nimelisikia hilo miaka yote na nimeliheshimu, lakini hesabu yake haijumlishwi mpaka mwisho. Kati ya Desemba 1941 na Agosti 1945 jeshi la anga la Marekani lilipoteza karibu watu 15,000 kwa ajali za ndege ndani ya Marekani kwenyewe, nyingi zikiwa za mafunzo, ajali zote kwa jumla zilipita 52,000. Gawanyeni wenyewe, ni kama watu 11 kila siku iendayo kwa Mungu kwa karibu miaka minne, kwenye nchi ambayo karibu hakukuwa na ndege ya adui juu. Uingereza nako, kamandi yao ya ndege za mabomu ilipoteza watu 55,573 na katika hao zaidi ya 8,000 walikufa kwenye mafunzo na ajali. Wale walikuwa wanajitolea wote. Walikuwa wanaingizwa kwenye hanga moja kubwa, marubani, wasoma ramani, wapiga bunduki za ndege, wanaambiwa chagueni wenyewe nani anakwenda na nani, wanakuwa kikosi kimoja kama familia, alafu wanapewa kujifunzia ndege zilizotolewa mstari wa mbele kwa sababu zimechoka. Yaani wenye uzoefu mdogo kuliko wote ndo wanapewa ndege mbovu kuliko zote, usiku, kwenye mawingu. Hao pia ni marubani mliowahitaji mbele, hawakufika.

Na kuna hili la heshima, hapa naomba mnisikilize kwa moyo maana ndo lililonifanya nichukue kalamu. Wale wanawake wa WASP waliokubaliwa kuingia mafunzo ni 1,830, waliomaliza ni 1,074, waliokufa ni 38, na 11 kati yao walifia kwenye mafunzo. Kwenye makaratasi walihesabiwa watumishi wa kiraia, sio askari. Kwahiyo akifa, serikali hailipi kumrudisha kwao, hakuna mafao ya askari, jeneza halina haki ya bendera. Wenzake walikuwa wanachangishana pale kambini, kila mtu anatoa alichonacho, ili mwenzao apandishwe treni arudi kwa mama yake. Mtu amekufa ndani ya ndege ya jeshi, kwenye uwanja wa jeshi, kwa amri ya jeshi, kwa komeo la jeshi, alafu nauli ya maiti wanachanga marafiki.

Walikuja kutambuliwa kama maveterani mwaka 1977, miaka 33 baada ya kikosi chao kuvunjwa. Na ata hapo haikuisha. Elaine Harmon, mmoja wao, alifariki 2015 akiwa na miaka 95, aliacha ameandika kwamba anataka majivu yake yawekwe kwenye makaburi ya Arlington, yale ya kitaifa ya askari wa Marekani, jeshi likasema hapana, hana sifa. Familia yake ikaweka majivu kabatini na kuanza kupigania, mpaka sheria ikapitishwa Mei 2016 na Septemba mwaka huo ndo akazikwa. Ninawapa pongezi waliopitisha sheria ile, ila fikirieni mjukuu anafungua kabati kuchukua shuka anaona bibi yake bado anasubiri ruhusa.

Wapo waliofanya vizuri na lazima niwataje. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inampa jiwe lilelile aliyeanguka juu ya Berlin na aliyeanguka mwisho wa ranwei ya mafunzo, upana uleule, urefu uleule, hawamuulizi alikufa akiwa anakwenda wapi. Nimetembea kwenye makaburi ya namna hiyo. Unasoma umri, 19, 20, 21, huwezi kujua nani ni wa mafunzo nani ni wa vita, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa ninachoomba. Kwenye uwanja wowote wa mafunzo mlionao leo, kwenye vita yoyote mliyomo au mnayojiandaa nayo, fundi akichora ule mstari wa pili asiwepo mtu wa ratiba mwenye mamlaka ya kuufuta. Akitaka kuufuta kamanda, aufute kwa jina lake kamili na saa aliyofuta, na yeye mwenyewe apande kiti cha nyuma kwenye safari hiyo. Kitu chochote kinachomtoa mtu nje ya ndege, komeo, mkanda, kifuniko, kiti cha kurushia, kisiwekwe kamwe kwenye kundi la kasoro ndogo, kwa sababu havina kasoro ndogo, vinafanya kazi siku moja tu na siku hiyo ni lazima vifanye.

Familia nazo ziambiwe. Najua kuna siri za jeshi, sijaomba mtaje idadi ya ndege wala mipango yenu, lakini komeo bovu sio siri ya kumficha adui, mnamficha mama. Mama akiambiwa mwanae alikosea ataishi na hilo miaka yote, atakuwa anajiuliza alimlea vipi mpaka akawa mzembe, wakati nyie kwenye fomu mna kurasa tatu za hitilafu zilezile zimeandikwa kwa miandiko mitatu tofauti. Msiandike neno kosa kwenye barua ya kwanza. Andikeni kilichotokea, mkishajua kwanini rudini mkawaambie uso kwa uso, ata kama imepita miaka miwili.

Na mafundi, jamani, msitusahau na sisi. Kila ndege inayoungua kuna mtu ameganda mlangoni kwa hanga anarudia kichwani kila boliti aliyoigusa. Tukiogopa kwamba tukisema ukweli tutafungwa hatutasema, na uchunguzi wenu utabaki na mtu mmoja wa kumlaumu ambaye hawezi kujibu kwa sababu ameshazikwa.

Ajali ikitokea tena kwenye uwanja wenu, kabla msemaji hajaitwa, mmoja wenu atembee kwa miguu mpaka hangani aombe ile fomu ya ndege, aisome kuanzia kurasa za nyuma kuja mbele, mwandiko kwa mwandiko, na aandike jina la kila mtu aliyesoma kasoro ile kabla yake. Nitashukuru mkinijibu kwamba mmelifanya hilo ata mara moja.

Wenu,
Fundi mstaafu